Chupa ya Buluu ya Wamae

Watu husema hasira hasara. Waliotunga msemo huo hawakuwa wameolewa na Wamae. Hasira yangu mimi iliokoa mtu, na mtu huyo alikuwa baba yangu mzazi, kwa hiyo sitamwomba radhi yeyote kwa ajili yake, awe mzee wa kanisa au mzee wa ukoo.

Wamae alikuwa mume wangu. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja kubwa ya watalii karibu na Nyeri, hoteli ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa vioo vitupu ili wageni wanywe chai huku wakiutazama mlima. Miaka ile ya baada ya uhuru, kazi kama hiyo ilikuwa kitu. Wamae alivaa tai. Alirudi nyumbani kwetu Kiriaini Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada, na muda wote huo alinisimulia habari za stoo yake mpaka chai ikapoa mbele yake.

Alichopenda kukizungumzia zaidi ni dawa ya vioo. Sikuwahi kuiona mimi, lakini alisema ililetwa hotelini kwa mikebe mikubwa, maji ya buluu yenye harufu ya kukata pua, na ubavuni mwa mkebe pamechorwa fuvu la kichwa na mifupa. Kila Jumatatu aliwapanga wasafishaji mbele ya mlango wa stoo akawafundisha. Dawa ikae katika mkebe wake, wenye karatasi yake. Isimiminwe hata tone katika chupa ya kinywaji, maana mtu huiamini chupa kabla hajayaangalia maji. Ukiitumia, fungua madirisha, na usiichanganye na ile dawa ya kufanya mashuka yawe meupe, kwa kuwa zikikutana hutoa moshi unaoziba pumzi. Ikikuingia jichoni, maji mengi, usisugue. Stoo ifungwe kwa kufuli. Na mtu akiimeza asitapishwe kamwe, kwa sababu kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Hilo la mwisho alilisema akiinua kidole kama mhubiri. Nililisikia mara nyingi hata ningeweza kulikariri usingizini.

Kumbe mganga hajigangi.

Tulipobomoa nyumba ya mbao na kujenga ya mawe, Wamae alisema nyumba yetu itakuwa ya vioo. Madirisha yakawa ya vioo, makubwa kuliko ya shule. Na sebuleni akaweka kabati la vioo. Rafu za chini zilikuwa na vikombe vya wageni vyenye maua, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Rafu ya juu ilikuwa ya chupa. Alizitoa baa ya hoteli zikiwa tupu, chupa za pombe za Wazungu, nene na zenye karatasi za dhahabu, akazipanga kwa urefu. Wakati ule wenye kazi za mjini wengi walifanya hivyo. Sisi hatukuwa walevi. Kanisani kwetu ukionekana na kibuyu cha muratina, pombe yetu ya kienyeji, ulitengwa, na mimi tangu kuzaliwa sikuwahi kuonja pombe ya aina yoyote. Chupa zilikuwa za kutazamwa. Pasta alipokuja, Wamae alishusha kitambaa mbele ya rafu ile.

Mambo yangeishia hapo kama si jirani yetu Ndungu. Siku moja Ndungu alikaa sebuleni, akaangalia kabati kwa makini, akauliza kama hizo chupa zimenywewa na wenye nyumba au zimeletwa zikiwa zimeshanywewa na wengine. Aliuliza kwa upole kabisa, na watu wakacheka kwa wiki nzima. Wamae hakulala. Jumamosi iliyofuata alipika chai ya rangi sufuria nzima, akaijaza katika chupa zile za kahawia. Kwa muda zilipendeza. Kisha chai ikaota ukungu, nyuzi nyeupe zikaelea ndani, na Ndungu akauliza tena kwa upole kama Wazungu siku hizi wanakunywa pamba.

Ndipo ikaja chupa ya buluu. Ilikuwa na shingo ndefu na karatasi yenye picha ya ngome, na imejaa mpaka karibu na kizibo, maji yake ya buluu yaking'aa jua la asubuhi lilipopita dirishani. Wamae alisema ni zawadi ya meneja, kwa sababu ya hesabu zake safi za stoo. Alisema ni pombe ya wakubwa, haifunguliwi ovyo, itafunguliwa siku ya mgeni wa maana. Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake. Mgeni wa maana.

Nilimwamini, na nisingemwamini kwa nini? Mke haonji kila anacholeta mumewe nyumbani ili ajue kama ni sumu. Ndungu naye alikuja, akaiona imejaa, akanyamaza. Wamae akatembea kijijini siku ile kama mtu aliyechaguliwa kuwa chifu.

Baba yangu, Mzee Kingori, aliishi ng'ambo ya Kangema, akilima majani chai kidogo na kuchunga mbuzi wachache. Hakuwa mtu wa kanisa. Alinywa muratina yake na wazee wenzake, na alivuta ugoro tangu ujana wake, mpaka pua yake ikawa haisikii hata moshi wa jikoni. Mimi nilipewa jina la mama yake, Murugi, na kwa hiyo aliniita mama tangu nikiwa mchanga. Katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisemesha kwa adabu kiasi hicho.

Alikuwa hajaiona nyumba ya mawe. Wamae kila mara alikuwa na sababu ya kuahirisha ugeni wake. Rangi haijakauka, au sakafu bado. Sababu yenyewe niliijua: mzee angekuja na blanketi lake na ugoro wake, na Ndungu angekuwa mlangoni kutazama. Baadaye baba aliacha kungoja mwaliko. Akaja mwezi wa saba, siku ya kazi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, amebeba kuku kwapani na ndizi begani.

Nilifurahi mpaka nikalia. Nikamketisha kwenye kiti cha Wamae. Akageuza kichwa taratibu akatazama madirisha, kabati, saruji, kisha akasema, "Mama, nyumba ni nzuri. Imebarikiwa?"

Nikamwambia pasta aliomba hapa. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, lakini nilijua maana ya swali lake. Kwa wazee wa rika lake, nyumba hubarikiwa kwa pombe. Mzee husimama mlangoni akiuelekea mlima, hujaza kinywa, hukaa na pombe ile kinywani huku akiomba moyoni bila haraka, kisha huipuliza nje kama manyunyu, kuume na kushoto, na kinachobaki kinywani hukimeza, kwa sababu baraka haitupwi yote nje. Nami nilitaka baraka ile. Nilikuwa nimeitaka tangu siku jiwe la kwanza lilipowekwa. Muratina hatukuwa nayo, na nikiiomba kwa majirani kanisa lingejua kabla ya giza. Kisha nikaikumbuka pombe ya mgeni wa maana. Nikajiuliza, kama si baba yangu, mgeni wa maana ni nani?

Nilichukua ufunguo ukutani, nikafungua kabati, nikaitoa chupa ya buluu. Nilipong'oa kizibo harufu ilinipiga machoni. Nikasema kimoyomoyo, ndiyo maana kanisa limeikataza. Nikammiminia katika kikombe cha maua na kumpa kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Baba alisimama mlangoni. Mlima haukuonekana kwa ukungu lakini alijua uliko. Akajaza kinywa. Nikaona mabega yake yakishtuka, kisha yakatulia, akafumba macho na kuanza kuomba. Machozi yakamshuka. Nikadhani ni furaha, nami nikalia pamoja naye, nimeshika kikombe, mjinga mimi. Alikaa nayo kinywani muda wa sala nzima. Hakuikatiza. Kisha akapuliza kuume, akapuliza kushoto, na kilichobaki akakimeza. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale namtazama, akachukua kikombe mkononi mwangu akapiga funda jingine, akameza na hilo.

"Ni kali," alisema, akitabasamu. Sauti ilikuwa imeshakwaruza.

Akaomba maji. Nilipogeuka na maji alikuwa amekaa kizingitini, mate yanamtoka yenye damu, ameshika koo kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa imegeuka myeupe. Nikampa maji, akayaweza kidogo. Nikapiga kelele.

Mungu alimleta Huseni. Huyu alikuwa mchuuzi wa nguo wa kule Majengo, Nyeri, ambaye siku za soko huja Kiriaini na pikapu yake. Hakuuliza maswali. Alitupa marobota yake dukani kwa mtu, akamlaza baba kati yetu sisi wawili, akaendesha. Njiani alikunja uso akasema, "Mimi pombe siijui, mama. Lakini hii inanuka kama choo cha stesheni." Nikamjibu kwamba pombe za Wazungu ndivyo zilivyo. Katika gari lile, Mwislamu mmoja, Mpresbiteri mmoja na mzee wa muratina, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kunusa hiyo pombe ya Wazungu yenyewe. Tungekuwa walevi tungejua.

Hospitalini Nyeri walimpokea haraka. Sista Mwanabibi, mama wa makamo mwenye sauti tulivu, alimlaza upande, akampangusa kinywa, akaniuliza mzee amekunywa nini. Nikamwambia pombe, ya dukani, ya chupa. Daktari kijana akauliza kama ni chang'aa, nikasema hapana, ni ya Wazungu, zawadi ya meneja. Akanitazama akaniambia wazee wengi huletwa hivyo wakiwa wamekunywa vitu vya kutengenezwa vichakani, na kwamba itabidi aoshe tumbo. Sista akaenda kuandaa mpira wa kupitisha kooni na maji ya chumvi. Huseni alikuwa ameondoka kwenda hotelini kumwita Wamae.

Wamae akaja na tai yake. Hakwenda kitandani. Alisimama mlangoni, akamtazama baba, akautazama mpira uliokuwa unatayarishwa kwenye sinia, na nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo, ingawa ilikuwa mwezi wa saba na kila mtu amevaa sweta. Akanivuta mkono mpaka barazani.

Akaniuliza mzee amekunywa kiasi gani. Nikamwambia. Akaniuliza chupa iko wapi. Nikamwambia iko mezani nyumbani, na sasa siyo wakati wa kuulizia chupa, kama ni pombe yake ataletewa nyingine na meneja.

"Sikiliza, Mama Gathoni," alisema kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina la binti yetu. "Ukirudi ndani, sema ati alifika kwako kama amekunywa huko njiani. Sema wewe hujui ni nini."

"Kwa nini niseme hivyo?"

Alilegeza tai. Akaangalia kushoto na kulia. "Ile si pombe," alisema. "Ni dawa ya vioo."

Nimewahi kufiwa. Nimewahi kupigwa na fimbo za askari wa kizungu nikiwa msichana kule kijiji cha dharura, walikotufungia wakati wa vita vya uhuru. Sijawahi kuhisi nilichohisi pale barazani. Ilikuwa hasira, hasira iliyonyooka. Nilimwona vizuri kabisa: kola yake iliyopigwa pasi nami, kalamu mbili mfukoni. Mtu aliyewafundisha watu wazima kila Jumatatu wasimimine tone moja. Mtu aliyejaza lita nzima ya sumu katika chupa ya kinywaji, akaiweka mahali ambapo huwekwa vitu vya kupewa wageni, akaniambia mimi ni ya kupewa wageni, yote hayo ili Ndungu anyamaze.

Lakini si hilo lililonichoma zaidi. Ujinga husameheka, hata mimi ni mjinga wa mambo mengi. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa ameuona mpira kwenye sinia. Alijua unakwenda wapi. Katika hospitali ile nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mzee yule hapaswi kutapishwa, na alikuwa amefundisha jambo hilo kwa kidole kilichoinuliwa, na akaupita mpira ule akanivuta mkono tuje kutunga uongo.

"Ukisema, nimefutwa," alisema. "Ile dawa imetoka stoo yangu. Watoto watakula nini? Na baba yako ni mgumu, ataamka tu."

Ndani nikamsikia daktari akimwambia sista ainue kichwa cha mzee.

Nilimsukuma Wamae ukutani, nikaingia. "Daktari, wacha!" nilisema. "Si pombe. Bwana yangu aliweka dawa ya vioo ya hoteli kwa chupa ya pombe. Na yeye mwenyewe hufundisha watu ati mtu akiimeza asitapishwe. Muulize. Ndiye huyu."

Mkono wa daktari ulisimama hewani, na ncha ya mpira ilikuwa imeshagusa midomo ya baba. Wodi yote iligeuka, wagonjwa na waliokuja kuwatazama. Wote walimtazama Wamae, naye akaangalia viatu vyake. Daktari akamuuliza dawa hiyo ina nini ndani. Wamae akasema hana hakika. Akasema huenda mke wake amechanganyikiwa kwa huzuni.

Sista Mwanabibi akaweka sinia chini. Alimsogelea Wamae, akamwambia bila kupandisha sauti, "Baba, huyu ni mkweo. Mkebe umeandikwa nini?"

Na Wamae akasema. Alisema yote, jina la dawa, amonia kiasi gani, spiriti kiasi gani, onyo la kwanza, onyo la pili, neno kwa neno, macho yakiwa chini, kama vile wasafishaji wamepangwa mbele yake. Hakuna alichosahau. Alipofika kwenye kutotapisha sauti yake ilififia, daktari akamwambia arudie, akarudia.

Daktari aliutupa mpira mbali. Aliagiza maziwa baridi kidogo kidogo na sindano ya maumivu, wakaweka mashine ya hewa karibu, wakakaa naye. Baadaye alinieleza kwamba koo la mzee lilikuwa limeungua na kulegea kama karatasi iliyolowa, na kwamba mpira ule ungelitoboa. Akasema angekufa mikononi mwake naye asijue kwa nini. Nilimhurumia alipokuwa akisema, maana kosa halikuwa lake.

Baba aliishi. Siku aliyoweza kutoa neno, neno lenyewe lilikuwa mnong'ono tu, na mpaka leo ni mnong'ono. Nilimuuliza jambo lililokuwa linanitafuna. Nilimuuliza kwa nini hakutema pale pale alipoonja, kwa nini alikaa nayo kinywani sala nzima, kwa nini alichukua kikombe akaongeza.

"Ningetemaje nyumbani kwako, mama?" alisema. "Ungenitazama nikitema baraka yako?"

Alikuwa amedhani ndivyo pombe za watu wenye vioo zilivyo. Alivumilia moto kinywani ili binti yake asiaibike mbele ya kabati la mumewe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia, na kilio kile nacho kilikuwa cha hasira.

Wamae alifutwa kazi. Hoteli ilisikia, maana Nyeri ni mji mdogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkosaji ni mimi. Mama yake aliniambia mwanamke mwema hufunika. Wanawake wa kanisa waliniambia ningesubiri, ningemweleza daktari faraghani. Faraghani saa ngapi, na mpira umefika midomoni? Walisema mfano wa mke ni kufuli. Mimi nikawajibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwamba kifo kilichokuwa kinakuja siku ile hakikuwa cha Wamae. Wakanitazama kwa huruma. Nilichukua watoto na nguo zangu, nikaenda kwa baba ng'ambo ya Kangema, kumpikia uji mwepesi, kwa kuwa koo lilipopona lilipona jembamba na halikupitisha kingine. Hata ugali alikuwa akiuangalia tu tukila.

Migomba ilipokuwa imezaa tena, Wamae alikuja na wazee. Msemaji wao alikuwa Mzee Muriithi, mtu wa maneno laini, na walibeba kibuyu cha muratina, maana kwetu mtu haombi msamaha kwa mdomo mkavu. Anayeomba huleta pombe, aliyekosewa hunywa, na akishakunywa jambo limekwisha, halitajwi tena hata katika ugomvi mwingine. Wamae alikaa nyuma yao. Tai hakuwa nayo.

Muriithi alizungumza vizuri. Alisema ajali haina kinga. Alisema maji yakimwagika hayazoleki. Alisema kijana amepoteza kazi, nyumba imepoa, watoto wanalelewa nje ya boma lao, na kwamba adhabu imetosha. Hakuitaja dawa ya vioo hata mara moja. Aliita "lile jambo." Kisha akajaza pembe ya kunywea, akasema wanajua koo la mzee halijawa sawa, lakini hata tone moja lililogusa ulimi litatosha, mradi waseme amekunywa.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko. Kimila sikupaswa kuongea, lakini nikaongea. Nilimuuliza Wamae, si wazee, kama ningekaa kimya siku ile barazani, yeye angesema.

Nilitaka sana aseme ndiyo. Hata angedanganya, siku ile nadhani ningeukubali uongo wake, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na watoto walikuwa wanamuulizia.

"Lakini hakukufa," alisema Wamae.

Wazee walikohoa. Muriithi akaingilia upesi, akamkabidhi baba ile pembe, na baba akaipokea kwa mikono miwili, mtu wa adabu hadi mwisho. Niliona pombe ikitikisika ukingoni. Nilijua itakavyomchoma katika koo lile, hata tone. Na nilijua atainywa. Angeinywa kama alivyoinywa ile nyingine, akitabasamu, ili asimwaibishe mtu.

Lakini baba alikuwa mtu wa mila, na mila ina neno lake. Siku msichana anapoposwa, baba yake hagusi pombe iliyoletwa mpaka amwite mbele ya watu wote na kumuuliza. Akikubali hunywa, na akikataa wageni hubeba kibuyu chao wakaenda. Aliniuliza hivyo siku Wamae aliponiposa, nami nikamwambia anywe.

Aliishusha pembe magotini, akanigeukia. Watu walilazimika kuinama kumsikia.

"Mama," alinong'ona, "ninywe?"

"Usinywe, baba," nilisema.

Akamrudishia Muriithi pembe, imejaa vile vile. Kisha akaniomba uji.